Askari wa Risasi na Askari wa Udongo

Mwaka wa 1913, ulipokuwa umebaki mwaka mmoja tu kabla mataifa makubwa ya Ulaya hayajaingia katika vita ambavyo baadaye vilikuja kuwafikia hata wapiga kafi wa nchi ya Luapula, mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa riwaya zake za mtu asafiriye katika nyakati na za viumbe wa Mirihi waishambuliao dunia, alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, na humo akaeleza, kwa bashasha ya mtoto na kwa ukali wa kadhi, jinsi watu wazima wenye akili zao wawezavyo kupigana vita juu ya sakafu ya chumba kwa askari wa risasi wenye kimo cha kidole, mizinga ya kamani irushayo vijiti vya mti, na majumba ya karatasi. Basi yule yule aliyewafunza wasomaji wake kuitazama mbingu kwa hofu ndiye aliyewafunza kulala kifudifudi zuliani na kupima hatua za jeshi kwa uzi. Walakini mambo hayo mawili, hekaya za mbinguni na jeshi la kiganjani, aliyaweka mbali mbali, kila moja katika kitabu chake, na ikapita zaidi ya nusu karne kabla hayajaoana.

Historia ya ndoa hiyo ndiyo niikusudiayo hapa, nami sipendi kuitazama kutoka London wala Nottingham, mji wa viwanda vya askari hao, bali kutoka Nchelenge, nchini Zambia, mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, mahali ambapo mazungumzo ya jioni aghalabu ni bei ya chisense waliokaushwa mchangani, upepo wa ziwani, na mafuta ya mashine za boti. Msomaji ana haki ya kuuliza askari wa risasi wana nasaba gani na wavuvi. Jawabu langu ni kwamba sanaa hii, kwa wale waijuao undani wake, haimo katika kununua askari, maana kununua ni kazi ya mwenye fedha. Imo katika kuwageuza: kumkata huyu kichwa akapewa yule, kumvisha kanzu ya puti aliyetoka kiwandani na deraya, kumnyang'anya bunduki akashikishwa shoka, kisha kumpaka rangi ambazo mwenye kiwanda hakuziota. Na katika ufundi huo wa kupokea kilichotengenezwa ugenini na kukataa kukiacha kama kilivyokuja, watu wa Mweru hawana haja ya mwalimu.

Walunda wa Mwata Kazembe, waliotoka magharibi kwa Mwata Yamvo wakalitamalaki bonde la Luapula katika karne ya kumi na nane, walifanya makao yao kuwa njia panda ya biashara. Upande mmoja walikuja Wareno wa Zambezi, ambao mjumbe wao Lacerda alifika mwaka 1798 akafia huko huko. Upande wa pili walikuja Waswahili na Waarabu wa pwani, wakitafuta shaba na pembe na, isemwe bila kificho, watumwa. David Livingstone alipoufikia ufuko wa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na baada ya siku chache akaingia mjini kwa Kazembe, alimkuta Muhammad bin Saleh, tajiri aliyekuwa amekaa miaka mingi katika nchi ile kwa kuzuiwa zaidi ya kupenda. Na katika mwaka huo huo Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ambaye walimwengu wamemzoea kwa jina la Tippu Tip, alikuwa amekwisha kumvunja nguvu Nsama wa Watabwa, upande wa mashariki wa ziwa. Shanga, nguo za pamba na bunduki za gobori ndizo zilizokuwa zikipanda njia hizo, na kila kimoja kikifika kilipata kazi mpya.

Livingstone aliyaandika mavazi ya Kazembe kwa uangalifu wa mtu aonaye asichokitazamia. Mwata alikuwa amevaa kitambaa kizito cha Manchester, cheupe na samawati, kilichotiwa ukingo wa nguo nyekundu na kukunjwa mikunjo mikubwa mikubwa kuzunguka kiuno, hata kikamkumbusha mgeni gauni pana la mabibi wa Ulaya lililovaliwa nyuma mbele; mikono na miguu na kichwa vilifunikwa kwa shanga za rangi mbalimbali zilizopangwa kwa nakshi, na juu ya kofia palikuwa na taji la manyoya ya njano. Mtazamaji alikuwa hodari, bali hapa, kwa rai yangu, jicho lilimpotoa: aliona gauni lililokosewa, hakuona kwamba kile kitambaa kilikuwa kimekwisha kuacha kuwa cha Manchester tangu kilipokunjwa mkunjo wa kwanza. Wanaohudhuria sherehe ya Mutomboko kule Mwansabombwe, mwisho wa mwezi wa Julai, Mwata achezapo na silaha mikononi, wanaweza kuiona mikunjo ya sampuli hiyo mpaka leo.

Amma kuhusu sanamu ndogo zenyewe, zilizofinyangwa na kupakwa rangi kwa mkono, nchi hii ilikuwa nazo kabla ya kusikia habari za viwanda vya Ulaya. Wabemba, majirani wa upande wa mashariki ambao lugha yao imeenea mwambao wote wa Mweru, wana vyombo vya chisungu, yaani unyago wa wanawali, viitwavyo mbusa: sanamu za udongo za wanyama, nyoka, vyombo vya nyumbani na watu, zilizopakwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, ambazo kila moja ina wimbo wake na fundisho lake, na fundisho hilo hapewi mtu kwa kuitazama tu sanamu. Mwanachuoni Audrey Richards alihudhuria sherehe ya chisungu mwaka 1931 na kuiandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1956; Padre Jean-Jacques Corbeil naye alikusanya mbusa nyingi ambazo leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Moto Moto mjini Mbala. Sitaki kusemwa kwamba nimeziita mbusa vitu vya kuchezea. Nisemalo ni dogo zaidi: kwamba mikono iliyofinyanga udongo uwe nyoka, ikampaka madoadoa mekundu na meupe kwa kujua kila doa lina maana, ilikuwa mikono yenye ilimu ile ile aitafutayo mtu wa Nottingham ainamapo chini ya taa yake usiku.

Tena majeshi ya mchezo yalifika Luapula kwa miguu, tena yenye ukubwa wa watu. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwa kuigiza tarumbeta na gwaride za wazungu, ilikuwa na wafalme wake, majenerali wake, madaktari wake na vyama vyake vilivyoshindana kwa mavazi na kwa karamu. Kule Mombasa chama cha Scotchi kilivaa kwa mfano wa askari wa Scotland, na mahasimu wao walijiita Kingi. Vita vya 1914 vilipozuka, serikali ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, iliwachukua wanaume kwa maelfu kuwa tenga-tenga, wachukuzi wa mizigo ya jeshi, na wapiga kafi kwa maelfu waliipeleka shehena kwa mitumbwi kupitia Luapula, maji ya Bangweulu na mto Chambeshi kuelekea mpaka wa Wajerumani. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipata habari ya kusimamishwa kwa vita akiwa penye mto Chambeshi, akaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Waliorudi makwao kutoka vita hivyo walirudi na mishahara michache, makaburi mengi nyuma yao, na beni.

Hapa ndipo historia yangu ipendapo kukawia. Wale waliobeba masanduku ya risasi za jeshi la kweli, bila cheo na bila viatu, waliporudi walijipa vyeo vyote: huyu kingi, huyu kanali, huyu daktari. Serikali haikufurahi; baada ya ghasia za mwaka 1935 katika migodi ya shaba, tume iliyoundwa kuchunguza ilikaa kuulizana kuhusu hiyo beni kana kwamba imefumania jeshi la siri. Kutoka katika asili hiyo ikaja ngoma ya kalela, ambayo mwanachuoni J. Clyde Mitchell aliitazama katika mji wa migodi wa Luanshya mwaka 1951 ikichezwa na vijana wa Kibisa: suruali zilizopigwa pasi, mashati safi, viatu vinavyong'aa, na kati yao daktari mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu, na muuguzi wa kike akipita na kioo na kitambaa ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho. Hapana hata mmoja aliyekuwa daktari. Kila mmoja alikuwa ametwaa umbo lililotolewa na kiwanda cha dola, akalikata na kuliunga kwa kadiri ya matakwa yake.

Turudi Ulaya, na tupite haraka, kwa kuwa sehemu hii imeandikwa na wengi. Mafundi wa Nürnberg walisubu askari wa bati walio bapa tangu karne ya kumi na nane. Ofisa mmoja wa Prussia, von Reisswitz mdogo, alitangaza mwaka 1824 mchezo wa vita wa kufundishia makamanda, uliotokana na kazi ya baba yake. Na mwaka 1893 kampuni ya William Britain mjini London ilivumbua namna ya kusubu askari wa risasi aliye na uwazi ndani, akawa mwepesi na rahisi, akaweza kununuliwa na mtoto wa karani. Hao ndio askari wa Wells. Baada ya Vita vya Pili, Don Featherstone, aliyekuwa mganga wa viungo mjini Southampton, alitoa mwaka 1962 kitabu chake War Games, na vyama vikaenea. Walakini jambo lililoleta mapinduzi lilikuwa dogo na la rahisi: tangu mwaka 1959 kampuni ya Airfix iliuza visanduku vya askari wa plastiki laini, makumi kwa bei ya chai, na kwa vile haikuwatengeneza askari wa kila taifa na kila zama, wachezaji walishika wembe. Mpanda farasi wa Kiarabu akakatwa kiuno akapewa kiwiliwili cha Mrumi; kichwa kikaunganishwa shingoni kwa pini iliyotiwa moto, kwa sababu plastiki ile haikukubali gundi, wala haikupenda rangi, ambayo ilibanduka kama ganda la kitunguu. Ufukara wa duka ndio uliozaa fundi.

Kule Marekani, katika mji mdogo wa Lake Geneva, Gary Gygax na wenzake waliotaka kupiganisha mazimwi na wachawi hawakuweza kuwanunua popote, kwa sababu hapakuwa na kiwanda kilichowasubu. Basi mjusi wa kale wa plastiki, mwenye mabamba mgongoni, akageuzwa akawa joka, na askari wakubwa wa kipimo kingine wakapakwa rangi wakawa majitu. Kanuni zao za vita, Chainmail, zilitoka mwaka 1971 zikiwa na nyongeza ya mambo ya uganga, na mwaka 1974 zikazaa Dungeons & Dragons. Mwaka uliofuata vijana watatu wa London, John Peake, Steve Jackson na Ian Livingstone, walianzisha Games Workshop. Na mtu wa Mweru akilisikia jina la huyo wa tatu asistaajabu, kwani ni mwingine kabisa, ingawa naye alifungulia watu wengi njia ya nchi zisizo katika ramani. Kampuni hiyo ikasaidia kuunda kiwanda cha Citadel, chini ya Bryan Ansell, na mwaka 1983 ikatoa mchezo wa Warhammer, wenye majitu na mapepo na mashujaa wa hekaya.

Ndoa niliyoitaja mwanzoni ilifungwa mwaka 1987, Rick Priestley alipotoa kitabu cha Warhammer 40,000: Rogue Trader. Ulimwengu wake ni wa miaka elfu arobaini baada ya Masihi: meli za angani zenye minara kama makanisa, askari wenye deraya nene wapiganao kwa bunduki na kwa upanga pamoja, makuhani wanaosomea mitambo dua ili ifanye kazi, na mapepo yapenyayo katika ufa wa mbingu. Mwenye kupenda sayansi safi ataona kwamba ni uharibifu. Mwenye kupenda uganga safi atasema vivyo hivyo. Mimi naona kuwa nguvu yake imo humo humo katika uchafu wa mchanganyiko, maana ulimwengu usio na kanuni moja ya mavazi ni ruhusa kwa kila fundi kuvisha anavyotaka. Na siku zile za kwanza ruhusa hiyo ilikuwa ya lazima, kwa kuwa askari walikuwako bali magari ya vita hayakuwako. Jarida la White Dwarf likawaonyesha wasomaji namna ya kuunda kifaru cha angani kwa kikopo cha plastiki cha manukato ya kwapa, kilicholazwa ubavu, kikaongezwa vipande vya kadi na mabaki ya visanduku vingine, kikapakwa rangi ya jeshi. Mtoto yeyote wa Nchelenge aliyepata kuunda lori kwa waya na vizibo vya chupa angekifahamu kile kikopo kwa kukitazama mara moja.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa ajili ya asiyeiona. Askari wa kawaida wa mchezo huu ana kimo cha milimita thelathini hivi. Kabla ya rangi huja kisu: alama za kalibu, ule mstari mwembamba uachwao na nusu mbili za chuma zilipokutana, hukwanguliwa kwa ncha mpaka zitoweke, maana rangi haifichi kosa la kalibu bali hulitangaza. Mkono ukatwapo, hutobolewa tundu kwa keekee ndogo izungushwayo kwa vidole, na ndani huwekwa kipande cha waya kiwe mfupa wa kuushika mkono mpya. Nyufa huzibwa kwa puti ya sampuli mbili, ya samawati na ya njano, zinazokandwa pamoja mpaka zitoe kijani. Ina saa moja au mbili za kutii, kisha hugeuka jiwe, na fundi mwenye akili hulowesha chombo chake kwa maji ili isimnate. Kwa puti hiyo hufanywa mikunjo ya joho, nywele, ngozi za wanyama na kamba.

Ndipo huja rangi, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwanga wa jua hauwezi kumpaka vivuli mtu mwenye kimo cha kidole. Mikunjo yake ni midogo mno hata mwanga huiingia yote, naye akipakwa rangi sawasawa huonekana bapa kama picha ya mkebe. Kwa hiyo mpaka rangi hana budi kumwongopea mtazamaji: hupaka vivuli mahali ambapo vingekuwapo lau askari angekuwa mkubwa, na mng'ao mahali ambapo jua lingegusa. Kwanza rangi ya kushika, nyeusi au nyeupe. Kisha rangi za asili za nguo na ngozi. Kisha rangi nyeusi nyeusi iliyotiwa maji mengi, ambayo hutiririka yenyewe mabondeni na kutulia. Kisha brashi iliyokaribia kukauka, isuguliwayo juu kwa juu ili vilima tu vishike weupe. Mwisho macho, ambayo ni nukta mbili, na ambayo yamewatia wazimu watu waliokuwa na subira katika kila jambo jingine. Mashindano ya Golden Demon, yaliyoanza mwaka 1987, humpa mshindi mkuu upanga wa kweli. Na John Blanche, msanii aliyeutia ulimwengu ule kutu na damu na rangi ya chai iliyokolea, amewafundisha mafundi wa kizazi kizima kwamba askari wa kiwandani ni mali ghafi tu. Naungana naye, na nawaonea huruma kidogo wale wanaopaka kila askari kwa kufuata picha iliyo juu ya kisanduku.

Kuna jambo la kuhuzunisha katika madini yenyewe. Askari wa Britain na wa Citadel wa miaka ya awali walisubiwa kwa risasi, na risasi ni sumu. Katika miaka ya 1990 Citadel waliiacha wakatumia mchanganyiko usio nayo, na baadaye plastiki na resini zikachukua nafasi. Huko Uingereza mtoto alikingwa na askari wake. Zambia nayo ina mji wa Kabwe, ulioitwa Broken Hill zama za ukoloni, ambao mgodi wake wa risasi na zinki ulichimbwa tangu mwanzo wa karne ya ishirini mpaka ulipofungwa mwaka 1994, na udongo wa vitongoji vyake bado una risasi ambayo watoto huivuta na kuila wanapocheza. Mwenye kuandika historia ya askari wa risasi akiuruka mji huo atakuwa ameandika nusu.

Wala isidhaniwe kwamba hekaya za sayansi zilikuja Zambia katika sanduku la plastiki. Mwaka 1964, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru wa tarehe 24 Oktoba, Edward Makuka Nkoloso, mwalimu aliyezaliwa kaskazini na aliyekuwa askari katika Vita vya Pili, alitangaza kwamba chuo chake cha sayansi kingempeleka mwezini na Mirihi msichana aitwaye Matha Mwamba pamoja na paka. Katika shamba nje ya Lusaka aliwafundisha wanafunzi wake kwa kuwaviringisha mteremkoni ndani ya pipa la mafuta, na kuwapandisha katika bembea ya kamba kisha kuikata ili waonje kutokuwa na uzito. Wakavaa kofia za askari. Akaomba fedha UNESCO, asipewe. Waandishi wa habari wa kigeni walicheka. Wako wasemao leo kwamba naye alikuwa akiwacheka wao, na kwamba mzaha ule ulikuwa siasa. Kwa yeyote aliyesoma habari za beni, rai hiyo haina ugeni. Pipa la mafuta likawa chombo cha angani bila kiwanda chochote kuombwa ruhusa.

Limebaki swali ambalo mtu wa mwambao huu hawezi kuliepuka. Mnamo Desemba 2000, mji wa Pweto, upande wa Kongo ambako Mto Luvua hutoka ziwani, ulianguka mikononi mwa waasi na washirika wao, na maelfu ya askari na raia wakakimbilia Zambia. Na kuanzia mwaka 2017 familia kutoka Haut-Katanga na Tanganyika zilikimbia zikavuka mpaka tena, yakafunguliwa makazi ya Mantapala wilayani Nchelenge, ambamo Kiswahili cha Katanga husikika penye kila bomba la maji. Je, yafaa kuchezea vita mbele ya watu waliovikimbia? Wells mwenyewe aliliona jambo hilo kabla hata vita vyake vikuu havijaja, akajitetea kwamba aliyepigana kwa askari wa risasi, akaona jinsi mipango mizuri inavyovurugika mezani, hataamini tena akili ya majenerali. Utetezi huo ni mzuri bali hautoshi, kwa kuwa mwaka uliofuata mataifa makubwa ya Ulaya, pamoja na wachezaji wake, yaliingia vitani. Mimi ningejibu kwa njia nyingine: wenye kukikata kisanduku na kukiunga upya mara nyingi hawamalizi jeshi lao hata likafika uwanjani; wanabaki na wanaume watano au sita, kila mmoja na jina lake na kovu lake, na mtu akikuonyesha kazi hiyo hakuambii nani alishinda, hukuambia nguo ile aliipataje.

Wenye mashine za kuchapa sanamu za resini, ambazo zimeshuka bei katika miaka ya karibuni, husambaziana maumbo kwa simu, na umbile lililochorwa Warsaw laweza kutoka katika mashine iliyoko Lusaka kabla ya chakula cha usiku. Hilo ni jema, ingawa linamrudisha fundi katika hatari ya kupokea tu. Lau ningeulizwa ni askari gani afaaye kugeuzwa kwanza katika mwambao huu, ningesema: mchukueni kapteni yeyote wa angani mwenye deraya nene, mkateni miguu magotini, na kuanzia kiunoni mumzungushie puti katika mikunjo mikubwa, inayofunuka kwa mbele, kama ile Livingstone aliyoidhania gauni la kike. Deraya ya kifua iachwe, maana ni ya kwake. Kitambaa kipakwe samawati juu ya nyeupe, ukingo uwe mwekundu wa udongo, usio na mng'ao, kwa sababu nguo ile ilikuwa ya sufu. Shanga za mikononi zisipakwe kwa brashi. Chukua kichwa cha pini, kichovye katika rangi, kigusishe, kiinue, na kila safu isubiri ile ya chini ikauke, la sivyo nakshi itachanganyika. Mkono wa kulia upewe shoka lililochongwa kwa bati la mkebe, na bunduki yake aliyozaliwa nayo iingizwe katika mshipi nyuma, asije mtu akadhani hakuwa nayo. Taji la manyoya ya njano, litengenezwalo kwa nywele za brashi kuukuu, libandikwe mwisho kabisa, kwani ndilo la kwanza kuvunjika sanamu inapoingizwa sandukuni.